Tusimwambie Aliyebaguliwa Avumilie

Mtu akija kutueleza kwamba amebaguliwa shuleni au kazini, wengi wetu tuna ushauri mmoja: vumilia. Tunautoa kwa upendo. Mama humwambia mwanawe avumilie kwa kuwa mtihani umekaribia. Mume humwambia mkewe avumilie kwa kuwa kazi siku hizi hazipatikani. Tumelelewa tukiambiwa mvumilivu hula mbivu, na katika mambo mengi ni kweli. Kwenye ubaguzi, ushauri huo unamdhuru anayepewa.

Binti wa jirani yangu alirudi sekondari baada ya kujifungua. Miaka michache nyuma asingeweza. Ni Novemba 2021 ndipo Serikali ya Tanzania ilipotangaza kwamba waliokatiza masomo kwa ujauzito waruhusiwe kurudi kwenye shule za umma. Alipokelewa, akaandikishwa, akavaa sare kama wenzake. Lakini mwalimu mmoja akaanza kumwita "mzazi mwenzangu". Akikosa swali: "Mzazi mwenzangu, leo tena hujui?" Darasa linacheka. Haikuchukua muda, shule nzima ikalishika jina hilo, naye akaacha kunyoosha mkono. Hakuna aliyemfukuza, ila kiti alichorudishiwa kilikuwa kinamshinda kukikalia.

Wengi tunaposikia ubaguzi tunatafuta chuki. Tusipoiona tunasema ni utani tu, au ni utaratibu. Lakini mwanafunzi mwenye ualbino asiyeona mbali, akiketishwa dawati la nyuma kwa sababu ndivyo majina yalivyopangwa, hasomi kilichoandikwa ubaoni hata kama mwalimu wake anampenda. La kuuliza ni hili: amekosa nini ambacho wenzake wanakipata, na amekikosa kwa sababu gani?

Kazini nako maneno huwa matamu. Mwanamke ninayemfahamu alirudi kutoka likizo ya uzazi, zile siku 84 anazopewa na sheria, akakuta meza yake ina mtu mwingine. Yeye akapelekwa stoo. "Tumeona upate nafasi ya kulea," akaambiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ujauzito, majukumu ya familia, ulemavu, kabila, dini, umri au kuishi na VVU, na inamlinda hata anayeomba kazi. Tena ina jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalijui: mfanyakazi akishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Tatizo ni muda. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro mingine ina siku 60. Huyu mama aliambiwa na kila mtu asubiri, pengine bosi atabadilika. Alisubiri. Alipoamua kwenda, swali la kwanza halikuwa alitendewa nini, bali mbona amechelewa. Tume inaweza kumwongezea mtu muda akiwa na sababu ya msingi, lakini kuambiwa na ndugu na marafiki uvumilie si sababu nzito mbele ya msuluhishi.

Kwa hiyo siku jambo linapotokea, liandike: tarehe, mahali, maneno kama yalivyosemwa, na waliokuwepo. Tunza barua na ujumbe wa simu. Peleka malalamiko kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Chama cha wafanyakazi kikiwepo, kishirikishe. Kwa mtoto, uongozi wa shule usiposikia, yupo afisa elimu kata, yupo afisa ustawi wa jamii, na ipo simu 116 ya huduma kwa mtoto.

Najua hofu iliyopo. Anayelalamika huitwa mkorofi, na mkataba wake ukiisha anaweza asipewe mwingine. Mwenye watoto wa kulisha akinyamaza, simlaumu. Ndiyo maana mzigo huu haupaswi kuwa wake peke yake. Walimu wengine walilijua lile jina. Wafanyakazi wenzake ndio waliomsaidia yule mama kubeba vitu vyake hadi stoo. Wote hao ni mashahidi. Kule shuleni, aliyekomesha jambo ni msichana aliyekaa naye dawati moja: alikwenda kwa mwalimu wa malezi, akaeleza alichosikia, akakubali jina lake liandikwe. Hapo halikuwa tena neno la mwanafunzi mmoja dhidi ya mwalimu wake.

Mwenzako akikuletea habari ya namna hii, mpe pole, kisha muulize ilitokea lini na nani walikuwepo. Na kama wewe ulikuwepo, usisubiri uitwe. Nenda ukaandikishe jina lako.