Kuku wa Uani na Haki ya Jirani

Mtu akinunua kiwanja akajenga nyumba, amemiliki nini khasa? Wako wasemao kwamba amemiliki kila kilicho ndani ya mipaka yake, na hapana mwenye haki ya kumwuliza alifanyalo uani kwake. Na wako wasemao kwamba mji ni wa wote, kwa hivyo wakuu wa mji wana haki ya kuamua kila jambo, hata kama mtu afuge kuku au asifuge. Sisi twaona kwamba kauli zote mbili zimepita mpaka, na kwamba baina yake iko njia ya insafu ambayo yatupasa kuitafuta. Suala la kuku ni dogo kwa sura yake, walakini ndani yake limo suala kubwa: ni lini yajuzu kumkataza mtu jambo la halali kwa kuchelea dhara ya jirani yake?

Desturi ya kugawanya mji kwa kanuni, hapa nyumba za kukaa, pale maduka, kule viwanda, si ya zamani sana katika sura yake ya leo. Mji wa New York ulitunga kanuni zake mwaka 1916. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kijiji cha Euclid katika jimbo la Ohio, ilikubali kwamba serikali ya mtaa ina haki ya kufanya mgawanyo huo. Jaji Sutherland, aliyeandika hukumu hiyo, alitoa mfano wa nguruwe: akiwa zizini hana neno, akiingizwa sebuleni amekuwa kero. Mnyama mwenyewe hatumpendi, lakini maana ya mfano ni sahihi. Jambo laweza kuwa jema kwa asili yake, likawa baya kwa mahali lilipowekwa.

Fikira hii, hata hivyo, haikuzaliwa Marekani. Wanazuoni wa Kiislamu walikwisha kuitazama kwa makini zamani. Katika karne ya 14, Ibn al-Rami, mwashi wa mji wa Tunis, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo na dhara zipatikanazo baina ya majirani. Na katika Majalla, sheria ya madai iliyotungwa na dola ya Uthmaniya kati ya mwaka 1869 na 1876, mwenye mali huachiwa aitumie mali yake apendavyo mpaka ifikapo dhara kubwa kwa jirani, kama vile moshi wa tanuri umzuiao mtu kukaa nyumbani kwake. Ama kuzibiwa mandhari, hilo halikuhisabiwa kuwa dhara kubwa. Msomaji na aizingatie tofauti hii, maana ndiyo ufunguo wa suala letu: kudhurika ni kitu kimoja, na kutopendezwa ni kitu kingine.

Katika misingi mikuu ya fikihi ni kwamba dhara huondoshwa, wala haiachwi. Na kwamba haiondoshwi kwa dhara nyingine mfano wake. Misingi hii miwili yapasa kwenda pamoja. Anayeshika wa kwanza akaacha wa pili humwokoa jirani na kelele kwa kumnyima mjane chakula cha wanawe. Anayeshika wa pili akaacha wa kwanza humwacha mwenye kuku ajaze uvundo mtaa mzima kwa hoja kwamba ni maskini.

Na tukumbuke kisa cha Nabii Daud na Nabii Suleiman, juu yao amani. Kondoo wa watu waliingia usiku katika shamba la mtu wakaliharibu. Wafasiri wasimulia kwamba Daud aliona mwenye shamba apewe kondoo hao. Na Suleiman akaona apewe kwa muda tu, anufaike kwa maziwa na sufi yao, na mwenye kondoo alishughulikie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arejeshewe chake. Hukumu ya pili ndiyo iliyosifiwa. Tazama basi: dhara ilikuwa kweli, na mwenye shamba hakuambiwa avumilie. Lakini hapana katika wawili hao aliyehukumu kwamba tangu siku ile watu wasifuge kondoo. Walimtafutia aliyedhuriwa haki yake, wakamwachia mfugaji riziki yake. Hii ndiyo tofauti baina ya hakimu na mwenye haraka.

Sasa tutazame mambo yalivyokwenda kwa wengine. Wakati wa Vita Vikuu vya kwanza, serikali ya Marekani iliwahimiza raia wake wafuge kuku uani, kuku wawili kwa kila mtu wa nyumba, ili chakula kisipungue. Vita vilipokwisha na hali kustawi, miji mingi iligeuka ikakataza lile lile iliyolihimiza, na kuku akahisabiwa alama ya ushamba. Kisha miaka ikapita, na watu wa miji hiyo hiyo wakaanza kuomba kanuni zibadilishwe. Mwaka 2004 mji wa Madison, katika jimbo la Wisconsin, uliruhusu nyumba kufuga kuku wasiozidi wanne, bila ya jogoo, na banda liwe umbali wa futi 25 na nyumba ya jirani. Mwaka 2010 mji wa Seattle uliongeza idadi kutoka kuku watatu hata wanane, ukakataza majogoo. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 1950, ilibatilisha masharti ya kukodisha yaliyowazuia wapangaji kufuga kuku na sungura kwa matumizi ya nyumbani, maadamu ufugaji huo hauleti kero wala hauharibu afya.

Basi na tuwe na insafu katika kulipima jambo hili. Kuku ni yule yule. Uani kwa mkata huitwa uchafu, na uani kwa tajiri wa Seattle huitwa maendeleo. Ikiwa sababu ya kukataza ilikuwa ni afya, mbona sababu hiyo ilibadilika kwa kubadilika mwenye banda? Hapana budi tukiri kwamba mara nyingi lililokatazwa si dhara, bali ni sura ya umaskini, ambayo wenye nafasi hawakutaka kuiona dirishani.

Sisi watu wa Kenya tunayo sababu zaidi ya kuwa macho. Mwaka 1913 Profesa Simpson alitumwa kuitazama hali ya afya katika miji ya Afrika Mashariki, na katika mapendekezo yake ilikuwamo kuwatenga wakazi wa miji kwa rangi zao. Tauni ilikuwa ni ugonjwa wa kweli, na panya walikuwa ni panya wa kweli; lakini dawa iliyopendekezwa ilikuwa ni kuwatenga watu. Tangu hapo yatupasa kila tusikiapo neno “afya” katika kanuni ya mji tuulize: dhara iko wapi, na je, dawa hii yaondosha dhara au yaondosha watu?

Hali ya sheria leo si ile ya zamani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha. Katiba hiyo hiyo imeweka ufugaji, afya ya umma na upangaji wa miji mikononi mwa serikali za kaunti. Jirani zetu wa Kampala walitunga kanuni za kilimo na ufugaji wa mjini mwaka 2006, na Nairobi ikatunga sheria yake mwaka 2015. Kwa hivyo kusema kwamba mji na kuku havipatani kabisa ni kusema lililokwisha kukanushwa na miji iliyo mikubwa kuliko yetu.

Ama hoja ya maradhi, hatuidharau. Mwaka 1997 homa ya ndege iliwapata watu 18 katika Hong Kong, na 6 katika hao wakafa. Kuku waweza kubeba vijidudu vya salmonela viharishavyo watu, khasa watoto wadogo. Na kuku aachiwaye kuzurura majaani hula najisi. Wanazuoni wetu walikwisha kusema kwamba mnyama wa namna hiyo afungwe na kulishwa chakula safi kabla ya kuchinjwa. Lakini hoja hizi zote, ukizitazama vizuri, zataka usafi, banda lililofungwa, kunawa mikono, na daktari wa mifugo aingiaye bila ya kuogopwa. Na siku yazukapo maradhi ya kweli, serikali ina haki ya kuzuia na hata kuwaua kuku kwa muda huo, nasi yatupasa kutii. Katazo la siku ya msiba halifai kufanywa katazo la maisha.

Iko pia hoja ya jogoo. Sisi Waislamu tumezuiliwa kumtukana jogoo, kwa kuwa huamsha watu kwa sala. Huenda mtu akasema kwamba kanuni ya kumkataza jogoo mjini ni kinyume cha mapokezi hayo. Twasema: sivyo. Kumheshimu jogoo ni jambo moja, na kumweka chini ya dirisha la mgonjwa au la mtu atokaye kazini alfajiri ni jambo jingine. Kuku hutaga bila ya jogoo. Afugaye kwa mayai ya nyumbani hana dharura naye. Hapa dhara ni ya kweli, na kuiondosha ni rahisi. Basi mwenye kuku asing'ang'anie haki isiyomfaa kwa kumwudhi jirani.

Walakini tusije tukaiga kanuni za watu neno kwa neno. Futi 25 za Madison, yaani kama mita 7 na nusu, ni kidogo katika mji wa nyumba zilizotawanyika. Katika Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu, ambako nyumba hushirikiana ukuta na vichochoro vingi havifikii upana huo, kanuni hiyo ingekuwa katazo lililovikwa nguo ya ruhusa. Lililo sawa kwetu ni kupima dhara yenyewe: idadi ndogo, banda lililosakafiwa na kufagiwa kila siku, chakula kilichofunikwa panya wasikipate, na mtu wa kusikiliza mashtaka. Wala hatuoni sawa ruhusa itundikwe juu ya ridhaa ya jirani peke yake. Jirani aulizwe kwa adabu, na dhara yake isikizwe; lakini chuki isiyo na dhara isipewe nguvu ya sheria.

Wako wanaofuga kwa siri, wakisema kwamba kanuni isiyo ya haki haiwafungi. Twawahurumia, lakini njia yao hatuisifu. Banda la siri hufichwa penye giza na unyevu, halitembelewi na daktari, na kuku wake wakifa kwa kideri mwenyewe huogopa kusema. Siri huzaa ile ile dhara iliyokuwa ni hoja ya wakatazao. Na zaidi ya hayo, humweka mkata mikononi mwa kila askari na kila jirani mwenye kinyongo, alipe leo, alipe na kesho. Wahenga walisema kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, na akiangua huchukuliwa na mwewe. Isiwe sheria yetu ndiyo mwewe.

Njia ya wazi ipo. Katiba, katika kifungu cha 196, imelilazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Wenye kuku na wasio na kuku na waende vikaoni pamoja, kila mmoja na hoja yake. Asiyependa kuku aeleze dhara aliyoipata, si karaha yake. Na mwenye kuku aeleze atakavyoiondosha dhara, si umaskini wake tu. Na kabla ya kufika huko, kila mwenye banda na alifagie leo, ampelekee jirani mayai, amwulize kama amesumbuliwa. Maana kanuni iliyo nzuri kuliko zote haiwezi kuwapatanisha watu wawili walioacha kuamkiana, na waamkianao huenda wasiihitaji kanuni kwa mengi.