Kitanda cha Mwanagenzi

Msomaji, kama umepata kulala bwenini, wajua jinsi nguvu za mchana zinavyotegemea godoro la usiku. Ukikeshwa na kunguni au kelele, asubuhi macho hukaa kitabuni na akili ikabaki kitandani. Hata hivyo, kosa la mwanafunzi mwenye usingizi huishia katika daftari lake. Yuko kijana mwingine ambaye kosa lake haliishii hapo, na malazi ya kijana huyo ndiyo nitakayo tuyapime.

Katika nchi yetu mtu husoma udaktari chuoni miaka 6, kisha hutumika hospitalini mwaka 1 chini ya madaktari wakubwa. Katika mwaka huo huitwa daktari mwanagenzi. Aghalabu yeye ndiye aamshwaye kwanza usiku: mama aliyeshikwa na uchungu, mtoto aliyepandwa na homa, majeruhi wa barabarani, wote hupita mikononi mwake. Hospitali humtaka awe karibu. Basi sharti alale karibu.

Jambo hili si geni. Hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa mjini Baltimore, Marekani, mwaka 1889, madaktari wanagenzi walikaa humo humo hospitalini, wakila na kulala, na hata leo Wamarekani humwita daktari wa namna hiyo kwa jina lenye maana ya mkaaji. Uingereza nako, hadi mwaka 2008, daktari wa mwaka wa kwanza alipewa chumba hospitalini bila kodi. Ilieleweka kwamba nyumba ichukuayo usiku wa mtu ina wajibu wa kumpa mahali pa kulaza ubavu.

Nilipata kumtembelea binti wa ndugu yangu alipokuwa mwanagenzi katika hospitali moja ya mashambani. Chumba kilikuwa kimoja, vitanda viwili, wakaaji wanne. Walirithishana vitanda kwa zamu, hata godoro halikupata kupoa. Dirisha moja lilizibwa kwa katoni mahali pa kioo, na maji yalichotwa kwa ndoo. Nilikasirika, nikawa tayari kusema maneno makali. Ndipo aliponipeleka wodini, nikaona akina mama wamelala wawili wawili katika kitanda kimoja, watoto wao vifuani. Hasira yangu ikakosa pa kusimama. Je, yafaa daktari adai godoro la peke yake, na hali mgonjwa wake hana?

Swali hili ni zito, nami sitaki ulipite mbio. Wako watu wema wajibuo kuwa haifai. Husema udaktari ni wito, na aliyeitwa haulizi atalala wapi. Madaktari wazee huongeza kwamba wao nao walilala pabaya, na wakatoka hodari. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma siku 56, na ujira wa wanagenzi ulikuwa miongoni mwa sababu. Wakati ule mimi nami nilikuwa katika wasemao hivyo.

Leo naona kasoro katika hoja ile. Wazee wale huwahesabu madaktari waliotoka salama. Mgonjwa aliyedhurika kwa usingizi wao hayupo barazani kutoa ushahidi. Mwaka 1997 wataalamu Drew Dawson na Kathryn Reid, huko Australia, walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa na uwezo sawasawa na mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu, kiasi ambacho katika nchi nyingi humnyima ruhusa ya kuendesha gari. Usukani twamkataza, sindano twampa! Kwa hiyo yule mama wa wodini ana fungu lake katika godoro la daktari, wala kumnyima daktari usingizi hakumwongezei yeye kitanda.

Hata hivyo jibu hili, ingawa ni la kweli, haliniridhishi. Lamfanya daktari kama kisu kinolewacho kwa ajili ya nyama. Tuseme ametokea daktari wa ajabu asiyekosea hata akeshe wiki nzima: je, tungekuwa na haki ya kumlaza sakafuni? Moyo wangu wakataa. Yeye ni mtu kabla ya kuwa daktari, na deni la malazi ni lake mwenyewe, hata kama hapana mgonjwa atakayefaidika.

Nilipokuwa nikiagana na binti yule nilimwuliza, kama angeruhusiwa kuomba kitu kimoja, angeomba nini. Nilidhani atataja godoro.

“Komeo, Ami,” alinijibu.

Mlango wao haukuwa nalo, na wote wanne walikuwa wanawake. Kila aliyelala usiku alisukuma meza mlangoni kwanza. Na alipoitwa wodini, ilimlazimu kuiondoa gizani kabla ya kumkimbilia mgonjwa.