Kilemba cha Ukoka

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake. Ama baada:

Ndugu zangu, katika maradhi ya nyoyo hapana yajifichayo kama mapenzi ya kusifiwa. Mwivi ajijua kuwa ni mwivi, na mlevi ajijua kuwa ni mlevi. Lakini apendaye kusifiwa hudhani kwamba asikia haki yake tu. Kwa sababu hii wazee hawakuyatibu maradhi haya kwa waadhi peke yake, bali waliwapa wanyama kazi ya kusema. Mtu hukasirika akiambiwa kuwa yeye ni mpumbavu, wala hakasiriki akiambiwa kuwa punda ni mpumbavu. Hucheka, kisha usiku, akiwa peke yake, hujiuliza: Je, si mimi huyo?

Kisa nitakachokitaja ni cha zamani. Kimo katika Kalila na Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikifasiri kwa Kiarabu katika karne ya 8 ya Miladi kutoka Kifursi cha kale, na asili yake ni Bara Hindi. Kisa kikafika pwani yetu, kikasimuliwa Unguja, na mwaka 1870 Edward Steere, padre wa Kiingereza, akakipiga chapa London pamoja na hadithi nyingine za Kiswahili. Jina lake ni Kisa cha Punda wa Dobi.

Simba alikuwa ametoka katika ugonjwa, hana nguvu za kuwinda. Sungura akamwendea punda wa dobi, akampa khabari kwamba ametumwa kuja kumposa. Punda akauliza ni nani aposaye, akajibiwa kuwa ni simba. Akafurahi mno, akafuata. Alipofika, simba akamrukia, lakini kwa udhaifu wake hakumweza. Punda akampiga mateke, akakimbia na majeraha yake. Siku zikapita, sungura akamrudia. Punda akashitaki kwamba alirukiwa akaparuzwa. Sungura akamjibu kuwa hiyo ndiyo desturi ya simba katika mazungumzo yake. Punda akarudi, na mara hii akauawa. Simba alipoutaka moyo na masikio, sungura alikuwa amekwisha kuvila. Akasema kwamba punda yule hakuwa na moyo wala masikio. Lau angalikuwa navyo, asingalirudi baada ya kuokoka.

Yafaa kuangalia jambo moja. Katika kitabu cha Kiarabu, punda huitwa kwa khabari ya malisho mema na punda wenziwe. Chambo ni matamanio ya mwili. Wasimulizi wa Unguja waliweka chambo kingine, nacho ni cheo. Mnyama achukuaye nguo chafu za watu aambiwa kwamba mfalme wa nyika amtaka awe mkewe. Chambo cha tumbo humnasa mwenye njaa peke yake, lakini chambo hiki humnasa hata aliyeshiba. Hiki ndicho watu wa pwani wakiitacho kilemba cha ukoka: mtu huvikwa majani kichwani, naye akatembea kifua mbele akidhani amevaa hariri.

Basi tujiulize. Mara ya kwanza punda ana udhuru, kwani hakujua. Mara ya pili ana udhuru gani, ilhali alama za makucha zi ubavuni mwake? Watu husema ni upumbavu tu. Mimi naona sivyo. Punda alikuwa na njia mbili: akiri kwamba ile posa ilikuwa uwongo, abaki punda wa dobi kama alivyokuwa jana, au aamini kwamba makucha yale yalikuwa mapenzi, abaki mchumba wa simba. Kukiri kungaliusalimisha mwili wake na kuijeruhi nafsi yake. Akaichunga nafsi, akautoa mwili. Na hapa ndipo penye khatari ya sifa za uwongo: zikisha kutuingia, sisi wenyewe huwa mashahidi wake na watetezi wake. Sungura hakuhitaji maneno mengi mara ya pili, kwa kuwa punda alikuwa akimsaidia.

Nami siandiki haya kama mtu aliyesalimika. Niliwahi kusomesha darsa, na mtu mmoja akanisifu mbele ya wanafunzi kwa elimu nisiyokuwa nayo. Siku ile ile rafiki yangu alinivuta kando akanionyesha kosa nililolifanya katika maana ya neno. Yule msifu nikamkaribisha nyumbani. Huyu rafiki nikamkimbia miezi mingi. Kisha msifu akaja kuniomba nimdhamini katika deni, nikakubali. Alipokosa kulipa mara ya kwanza, nilimtetea kwa watu, kwani kumlaumu yeye kulikuwa ni kukiri kwamba na zile sifa zilikuwa za uwongo. Mwisho deni nikalilipa mimi.

Mtume wetu (s.a.w.) alimkanya mtu aliyemsifu mwenziwe mbele yake, akalifananisha jambo hilo na kumkata shingo. Punda alilipa kwa roho yake mwenyewe. Lakini msimamizi wa wakfu, au wa mali ya mayatima, au wa mambo ya mji, akivikwa kilemba cha ukoka, walipao ni wengine ambao hata hizo sifa hawakuzisikia.

Wala sisemi kwamba kila sifa ni mbaya. Kumshukuru fundi kwa kazi njema ni haki, na kumtia moyo mtoto asomaye ni jambo jema. Lakini mwenye kukusifu, mtazame siku ukosapo: akikunyamazia au akakupambia kosa, basi huyo ana haja nawe. Na mtu akisha kukujeruhi, usimfanye yeye kuwa mfasiri wa jeraha lako. Muulize yule akwambiaye usiyoyapenda, ijapokuwa umemkimbia muda mrefu. Mimi nilimrudia rafiki yangu, naye akanifungulia mlango.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe moyo wa kufahamu na masikio ya kusikia, kabla ya safari ya pili. Amin.