Kikombe cha Jirani Siku ya Mpira

Masomo: Habakuki 2:15, 1 Wakorintho 8:9-13



Nabii Habakuki ametamka ole juu ya watu wa namna nyingi: wanaojilimbikizia mali isiyo yao, wanaojenga mji kwa damu, wanaokiambia kipande cha mti kiamke kiwafundishe. Katikati ya hao amemweka mtu mmoja ambaye wengi wetu tusingemhesabu kuwa mwovu. Ni yule ampaye jirani yake kileo mpaka alewe, ili apate kuutazama uchi wake. Fungueni Biblia zenu mkasome wenyewe. Tena angalieni kwamba mahali hapo nabii hamshtaki mlevi. Anamshtaki mnyweshaji.

Najua kwamba Habakuki alikuwa akisema juu ya Wakaldayo, taifa lililowadhalilisha mataifa mengine kama mtu anavyomdhalilisha mlevi. Lakini mfano huo usingekuwa na nguvu kama watu wa zamani hizo wasingekuwa wamekwisha kuuona kwa macho karamuni. Hata sisi twauona. Nami nimelichagua somo hili kwa sababu ya mpira wa miguu.

Msishtuke. Sina ugomvi na mpira. Mimi mwenyewe ni shabiki, na timu yangu siitaji hapa nisije nikapoteza nusu ya wasomaji. Tena kandanda na misioni yetu ni marafiki wa siku nyingi. Katika karne ya 19 wanafunzi wa Kiungani, huko Unguja, walikuwa wakiucheza mchezo huu kabla Yanga haijazaliwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936. Ninalotaka kuliangalia ni jambo lililojishika na mpira kama kupe, hata vijana wetu wanadhani vyote viwili vilizaliwa siku moja.

Siku hizi ni wachache tu kati yetu wanaoweza kwenda uwanjani. Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2007, ulijengwa kuchukua watu 60,000, na Simba na Yanga wanapokutana hujaa. Sisi wengine wote uwanja wetu ni mbele ya televisheni. Na televisheni yenye king'amuzi kilicholipiwa iko wapi? Iko kwenye kibanda umiza, iko grosari, iko baa. Kibandani unatoa fedha kidogo mlangoni na kukaa kwenye benchi. Baani hakuna wa kukudai mlangoni, maana kiingilio chako ni chupa. Jaribu kukaa dakika tisini na meza tupu, uone jinsi mhudumu atakavyokutazama.

Kisha kuna ofa. Bao likiingia, aliyefurahi anatoa ofa meza nzima. Likirudishwa, wa upande wa pili naye hataki kuonekana mnyonge, anatoa yake. Watani wamekwisha kuwekeana kreti tangu asubuhi, kwamba atakayefungwa atanunua. (Habari ya kubeti kwa fedha ni kubwa peke yake, nitaiandikia siku nyingine.) Filimbi ya mwisho inapolia, mtu aliyekuja na fedha ya soda moja ana chupa tano mbele yake, na hakununua hata moja. Asipozinywa amewadharau wenzake. Asiporudisha ofa ni bahili. Timu yake ikishinda ni lazima anywe kwa furaha, ikishindwa anywe kwa uchungu, ikitoka sare anywe kwa kuwa hajui ashike lipi. Na michezo ya Ulaya, ile ya katikati ya juma, huanza saa nne au saa tano ya usiku na kwisha karibu na saa saba. Wakati huo ndipo baba wa watoto anapokaa nyuma ya bodaboda, na pengine dereva naye alikuwa mezani.

Fanyeni hesabu ndogo. Katika ligi ya timu 16 kila timu hucheza michezo 30. Mtu anayekunywa bia nne kila timu yake inapocheza amekunywa chupa 120 msimu unapokwisha. Hapo hatujaigusa ligi ya Uingereza, yenye michezo 38 kwa kila timu, wala zile ofa alizozirudisha. Akina mama hawahitaji padre awaambie chupa 120 ni madaftari mangapi na kilo ngapi za unga. Tena wako wanaojua kwamba siku timu ya nyumbani kwao inapofungwa yafaa chakula kiwe mezani mapema, na watoto wawe wamelala. Jambo hili nimeliandika kwa maneno machache, lakini wanaolijua wanalijua.

Sasa nasikia swali ambalo huulizwa kila padre anapogusa pombe. Je, Bwana wetu hakugeuza maji kuwa divai pale Kana? Aligeuza. Tena hakugeuza kikombe kimoja. Yalikuwa mabalasi sita ya mawe, na divai ikawa njema kuliko ile ya kwanza. Kanisa letu halifundishi kwamba kileo chenyewe ni haramu, nasi kila Jumapili twakikaribia kikombe chenye divai. Ndugu zetu wa uamsho wameazimia kutoonja kabisa, nami nawaheshimu, maana wengi wao wamejua kwa nini. Lakini siwezi kumwambia Mkristo kwamba ametenda dhambi kwa kunywa glasi moja na chakula chake. Mtume Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Alisema kidogo, naye Timotheo alikuwa mgonjwa. Hakuwa akingojea penalti.

Ni Paulo huyohuyo aliyewaandikia Wakorintho juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu. Waliokuwa na ujuzi walisema kwamba sanamu si kitu, kwa hiyo nyama ni nyama tu, twaweza kula. Paulo hakukataa kwamba wana haki. Aliwauliza juu ya yule ndugu dhaifu, aliyezoea sanamu miaka mingi, ambaye akiwaona wameketi mezani atavutwa kurudi alikotoka. Kwa ujuzi wako, asema, anaangamia ndugu ambaye Kristo alikufa kwa ajili yake. Naye Paulo kwa upande wake yu tayari asile nyama milele kuliko kumkwaza.

Ndugu huyo dhaifu tunaye. Katika kila mtaa wa kanisa wako watu walioacha pombe kwa machozi, baada ya kupoteza kazi au kukaribia kupoteza nyumba zao. Tuliwaombea, tukawapigia makofi. Kisha tukaenda zetu kuangalia mpira, na wao wakabaki nje. Mmoja aliniambia kwamba kuacha pombe hakukumshinda. Kilichomshinda ni kuacha mpira, kwa kuwa rafiki zake wote wako palepale kwenye viti vilevile, na yeye Jumamosi jioni husikia kelele za bao kutoka mbali na hajui nani kafunga. Basi siku moja anajipa moyo, anakwenda, anaagiza soda. Na anayemwambia kwamba leo ni siku moja tu, watani wamelala, pokea ofa yangu, si mpagani. Ni Mkristo mwenzake, aliyepiga magoti kando yake altareni. Akikataa, anacheka naye na kumwekea chupa mbele. Akikataa tena, anaifungua, ili iwe hasara kuiacha.

Hapo ndipo Habakuki anapoingia mlangoni. Nabii alitaja pia kuutazama uchi, na wengine mwadhani jambo hilo ni la kale. Siku hizi mtu akilewa na kulia kwa ajili ya timu yake, au akianguka mtaroni, simu zinatoka mifukoni, anapigwa picha, na kabla hajaamka watoto wake wamekwisha kumwona katika simu za jirani. Aliyemnywesha naye yumo katika kikundi hicho cha WhatsApp, anacheka.

Wengine hufikiri kwamba dawa ni serikali kukataza. Serikali zimekataza mara nyingi, na nyingine zimefanya vizuri. Mwaka 1980 fainali ya Kombe la Uskoti kati ya Celtic na Rangers ilimalizika kwa ghasia katika uwanja wa Hampden, na mwaka huohuo sheria ikaiondoa pombe viwanjani huko. Uingereza ikafuata mwaka 1985, ikakataza watu kunywa mahali wanapouona uwanja. Kwetu, viroba vya plastiki vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na wazazi wengi walishukuru. Tena kule Qatar, siku mbili kabla ya Kombe la Dunia la mwaka 2022 kuanza, ilitangazwa kwamba bia yenye kileo haitauzwa viwanjani, isipokuwa kwa wale wachache wa vyumba vya fahari (wakubwa nao hawakosi mlango wao). Kulikuwa na manung'uniko mengi. Lakini mnaikumbuka fainali ile, Argentina na Ufaransa, 3-3, mpaka mikwaju ya penalti. Maelfu kwa maelfu waliitazama pale uwanjani bila chupa mkononi, na sijasikia hata mmoja akisema kwamba haikuwa tamu.

Basi yawezekana. Lakini sheria huishia langoni pa uwanja, nayo haikai mezani kwetu kuuliza nani amemnunulia nani.

Nataka niwape habari moja ambayo mashabiki wa Manchester City huenda hawaijui. Timu yao ilianzishwa mwaka 1880 na watu wa kanisa la Anglikana, Kanisa la Mtakatifu Marko, katika kitongoji cha West Gorton. Mahali hapo palikuwa pa viwanda, penye umaskini, ulevi na vijana waliopigana kwa magenge mitaani. Watu wa kanisa hawakukaa kuhubiri tu. Waliwapa wanaume kitu cha kufanya, kriketi kwanza, kisha mpira wa miguu. Ni kazi njema, nami naona fahari juu yake. Lakini sikilizeni kilichofuata. Mwaka 1887 timu ilihamia uwanja wa Hyde Road, na makao yake yakawa katika hoteli ya kunywea iliyokuwa karibu. Mwaka 1888 kiwanda cha bia cha hapo mjini kikatoa fedha za kujenga jukwaa la watu 1,000, na malipo yake yakawa haki ya kuuza vinywaji uwanjani. Ilichukua miaka minane tu. Timu iliyozaliwa kanisani ili kuwatoa watu kwenye pombe ikaketi juu ya jukwaa lililojengwa na pombe.

Siwalaumu watu wa kiwanda. Walikuwa wafanyabiashara, waliona mahali penye watu wakaenda. Viwanda vya bia vya nchini kwetu navyo vimewahi kuzidhamini Simba, Yanga na Taifa Stars, na wachezaji wakapata mishahara. Ninajiuliza juu ya kanisa. Timu ilipohitaji mahali pa kukutania na pa kuketi, mwenye baa ndiye aliyekuwa na mahali. Na mpaka leo ni hivyo. Tunawakemea vijana kwa kukaa baa, lakini baa ndiyo nyumba pekee iliyowafungulia mlango saa kumi na moja ya Jumamosi, wakati ukumbi wetu umefungwa kwa kufuli, na ufunguo anao mtu aliyekwenda shamba.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza ni kwa mtu mmoja mmoja. Msitoe ofa ya kileo kwa mtu yeyote siku ya mpira. Mwenye kunywa na ajinunulie mwenyewe, ajue kipimo chake na fedha yake. Ukifurahi mno hata mkono haukai mfukoni, mnunulie mwenzako chakula. Mkiwekeana dau la utani, aliyefungwa avae jezi ya mtani wake siku nzima; fedheha hiyo inatosha, wala haimlazi mtu njaa.

La pili nililipeleka kwenye Halmashauri ya Mtaa, na baada ya mabishano kidogo limekubaliwa. Televisheni itawekwa ukumbini, na mzee mmoja wa kanisa amejitolea kulipia king'amuzi kwa miezi mitatu ya kwanza. Akina mama watauza chai, kahawa, soda, karanga na mihogo ya kukaanga, na faida itakwenda kwenye bati za nyumba ya mwinjilisti. Usiku wa michezo ya Ulaya wazee wawili watakaa mpaka mwisho na kufunga milango. Wale ndugu zetu walioacha pombe nimekwisha kuwaambia. Mmoja wao ndiye atakayeshika ufunguo. Siku ya Simba na Yanga milango itafunguliwa saa tisa. Wa Simba wataketi upande wa madirisha, wa Yanga upande wa mlango, na wale wanaosema hawashabikii timu yoyote wakae katikati wawe ukuta.

Padre wenu.