Jengo la Bwana, Kufuli la Nani?

Jumapili iliyopita alasiri mvua iliwakuta waumini wa kanisa dogo la Kipentekoste wakiwa chini ya turubai, kwenye uwanja wa mpira mtaani kwetu. Turubai lenyewe lilikuwa na matundu. Akina mama waliwafunika watoto kwa kanga, vijana wawili wakabeba kinanda mbiombio, na wote wakakimbilia palipokuwa karibu: baraza ya kanisa ninaloabudu mimi. Mlinzi aliwafungulia geti bila kumpigia mtu simu. Mlango hakuufungua, kwa kuwa funguo hakabidhiwi. Wakasimama wamebanana, wamelowa chapachapa, wameegemea milango ya mninga tuliyoichangia kwa bahasha mwaka mzima. Ndani kulikuwa na mabenchi ya kutosha watu mia kadhaa, na hapakuwa na mtu hata mmoja.

Watu wale si wageni kwetu. Walikuwa wakisali katika darasa la shule ya msingi, na ukarabati ulipoanza wakaambiwa watafute pengine. Wakaleta barua yenye adabu. Waliomba ukumbi wetu Jumapili kuanzia saa tisa alasiri, umeme wanunue wao, na kufagia wafagie wao. Ombi halikukubaliwa. Nilipouliza sababu, mzee mmoja wa baraza, mtu ninayemheshimu sana, alinijibu kwa upole, "Ndugu yangu, hawa tukiwapa mlango, mwaka hautaisha watakuwa wameondoka na vijana wetu wote."

Jibu hilo limenikaa moyoni wiki nzima.

Sisi ndio tunaohubiri uwakili. Kila msimu wa ahadi tunakumbushwa kwamba mshahara, shamba, afya na muda ni mali ya Mungu, nasi ni watunzaji tu. Mahubiri hayo nayaamini. Ila sijawahi kusikia yakielekezwa kwenye jengo lenyewe. Jengo letu lina ibada mbili za Jumapili asubuhi, maombi ya katikati ya juma na mazoezi ya kwaya Jumamosi. Wiki ina saa 168. Ukijumlisha matumizi yote hayo hayafiki saa 15. Kama muumini angefanya hivyo na shamba alilopewa, tungemsomea mfano wa yule mtumwa aliyefukia talanta yake ardhini.

Najua nitaambiwa kwamba zama hizi ni za hatari. Ni kweli. Baada ya yaliyofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kenya, mwaka 2023, zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyewafundisha wafunge hadi kufa, hakuna mzee mwenye busara atakayemfungulia mlango mtu asiyemjua. Uliza usajili wao. Kaa na mchungaji wao, sikiliza anachofundisha, waulize majirani wa kule walikotoka. Ukikuta udanganyifu, kataa na usione haya. Lakini barua ya jirani zetu ilikataliwa kabla yeyote hajaenda kuwatembelea.

Mwingine atasema mafundisho yetu ni tofauti. Ni tofauti, na hakuna aliyeomba mimbari yetu wakati wa ibada yetu. Huko Bautzen, mashariki mwa Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri wanatumia Kanisa la Mtakatifu Petro kwa pamoja tangu 1524. Hawa wana sehemu yao, na wale wana yao, na katikati kuna uzio. Walianza katika karne ambayo Wakristo wa Ulaya walikuwa wakichinjana kwa ajili ya mafundisho hayohayo. Zamani uzio ule ulizidi kimo cha mtu, leo umeshushwa. Hakuna upande uliopoteza imani yake kwa kuwa chini ya paa moja na mwenzake. Uingereza nao walitunga sheria mwaka 1969 ya kuwezesha madhehebu kuwekeana mkataba wa kutumia jengo moja: nani mmiliki, nani analipia nini, nani anasimamia. Waliona kwamba nia njema peke yake haitoshi, na hapo nawaunga mkono kabisa. Ugomvi mwingi wa kushirikiana huzuka kwenye choo kisichosafishwa na spika iliyoungua. Mambo hayo yaandikwe mapema.

Hofu ya kuibiwa kondoo ndiyo inayonihuzunisha zaidi. Kijana anayeweza kuhamishwa na ibada moja ya alasiri amekwisha kuhama moyoni, na kufuli halitamrudisha. Atarudishwa na mchungaji anayemjua kwa jina.

Na tusisahau ndugu zetu walio mbali. Marekani kuna makundi ya Wakongo, Watanzania na Warundi wanaoabudu kwa Kiswahili Jumapili alasiri, katika majengo ya Wamarekani waliomaliza ibada yao asubuhi. Wengi wao walifika kama wakimbizi. Wenyeji wamewapa nafasi wafike na kinanda chao, waimbe kwa lugha wasiyoielewa wenye nyumba. Tunapokea video zao, tunafurahi, tunamshukuru Mungu aliyewapa mahali. Mahali pale palitolewa na baraza la wazee kama letu, lililokaa, likasoma barua, likakubali.

Kanisa la kwanza halikuwa na jengo. Akila na Prisila walifungua nyumba yao. Alipokataliwa katika sinagogi la Efeso, Paulo alihamia darasa la mtu aitwaye Tirano, akafundisha humo miaka miwili, na habari ikaenea Asia. Sote tuliopokea Injili tuna deni kwa watu waliokubali nafasi yao itumike.

Kwa hiyo nawaomba ninyi wazee wa kanisa, wa dhehebu lolote: katika kikao kijacho wekeni ajenda moja, jengo letu litumike vipi saa ambazo sisi hatumo. Watembeleeni jirani zenu wanaosali kwenye turubai. Mkiridhika nao, andikeni masharti, tieni sahihi pande zote mbili, na mwenye funguo aamriwe kufungua.