Majani ya Dawa na Tegemeo la Moyo

Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali yanayowatatiza watu walioingia katika dini karibuni, na pia wale ambao bado wanachunguza, limo swali moja linaloonekana dogo lakini mizizi yake ni mirefu. Je, mtu aliyemwamini Mungu Mmoja aweza kuendelea kutumia majani, magome na mizizi aliyofundishwa na wazee wake? Au hana budi kuyaacha pamoja na mambo mengine ya kale?

Swali hili lina uzito wa pekee katika nchi ya milima ya Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo, pamoja na Buhigwe na Kakonko zilizokuwa sehemu ya wilaya hizo hadi mwaka 2012. Katika nchi hiyo ya Waha, kama ilivyokuwa mahali pengi pa Afrika Mashariki, elimu ya mimea mara nyingi haikukaa peke yake. Mfumu aliyejua mti wa kutuliza tumbo huenda ndiye pia aliyepiga ramli, akafunga hirizi, akaagiza kafara, na akamtaja jirani kuwa ndiye aliyeuleta ugonjwa. Dawa na ramli zilifungwa katika furushi moja. Basi mtu anapoamini akalitupa furushi lile, hujiuliza usiku: Je, pamoja na uchafu nimetupa pia neema ya Mungu? Na mwingine hulibeba furushi lote kama lilivyo, akijifariji kwa kusema kwamba hayo ni majani tu. Wote wawili wanastahili jibu, na jibu haliwezi kupatikana mpaka furushi lifunguliwe na kila kilichomo kitazamwe mbali na kingine.

Tuanze na jani lenyewe. Ni nani aliyeliumba? Kurani Tukufu yatufundisha kwamba vyote vilivyomo ardhini Mwenyezi Mungu ameviumba kwa manufaa ya wanadamu. Na katika Sura iliyopewa jina la nyuki twaelezwa kwamba katika kinywaji kitokacho matumboni mwa mdudu huyo mdogo imo ponya kwa watu. Msomaji wa Kibondo hahitaji kuelezwa habari za nyuki, kwani mizinga imetundikwa katika misitu ya miyombo ya nchi yake tangu zamani. Naye Mtume Mtukufu s.a.w. aliwahimiza watu wajitibu, akafundisha kwamba Mungu hakuweka ugonjwa bila ya kuuwekea dawa, isipokuwa uzee. Kwa hiyo jani halikuwa mali ya mfumu hata siku moja. Yeye alilikuta msituni, kama sisi tunavyolikuta.

Jambo hili lilidhihirika kwa namna ya ajabu katika mkoa huo huo wa Kigoma, upande wa kusini, katika milima ya Mahale iliyo kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman, pamoja na Mtanzania Mohamedi Seifu Kalunde aliyeijua vizuri miti ya dawa ya Watongwe, walimwona sokwe jike aliyekuwa mgonjwa akivunja chipukizi la mti mchungu, akalimenya, akatafuna kiini chake na kunyonya maji yake. Baada ya muda alionekana amepata nafuu. Habari hizo walizichapisha mwaka 1989. Mti huo Watongwe huuita mjonso, na majirani wetu wa Burundi huuita umubirizi. Wataalamu wameupa jina la Vernonia amygdalina, na watu wa sehemu nyingi za Afrika huutumia kwa maumivu ya tumbo na kwa homa. Sasa tafakari, ewe msomaji! Sokwe yule hakupiga ramli, hakufunga hirizi, hakuchinja kuku, wala hakumtaja jirani yake kwa uchawi. Faida iliyomo katika mti ule, kwa kadiri ilivyo, imewekwa na Muumba, nayo haihitaji msaada wa pepo.

Hebu sasa tukitazame kitu cha pili kilichomo katika furushi, nacho ni ramli na hirizi. Hapa hapana nafasi ya kusitasita. Kudai kujua mambo ya ghaibu, na kuufunga usalama wa mtoto katika kipande cha ngozi kilichoshonwa, ni kumpa kiumbe sifa ya Muumba. Tena mna dhuluma ndani yake. Mgonjwa aliyekwenda kutafuta nafuu ya tumbo hurudi na jina la shangazi yake au la mke mwenza, na kuanzia siku hiyo nyumba mbili hazizimuliani moto tena. Ugonjwa ulikuwa wa mtu mmoja, sasa umekuwa wa ukoo mzima. Basi hii na iwe alama ya kupambanulia: dawa ya kweli haihitaji adui. Tiba isiyoweza kufanya kazi mpaka mtu fulani achukiwe, hiyo ni sumu hata kama imechanganywa na majani mazuri.

Lakini wako wengine wanaokwenda upande wa pili. Husema kwamba aliyemtegemea Mungu hahitaji dawa yo yote, awe wa msituni au wa hospitali. Hao yafaa wakumbuke habari za Seyidna Umar r.a., Khalifa wa pili. Alipokuwa akielekea Sham alipata habari kwamba tauni imeingia huko, ile inayojulikana kwa jina la tauni ya Amwas, karibu na mwaka 639. Akaamua kurudi. Abu Ubaida r.a. alimwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Maana ya jibu hilo ni kwamba ugonjwa una sheria zake, na kinga na dawa nazo zina sheria zake, na zote mbili zimewekwa na Mungu yule yule. Mwenye kutumia njia aliyoiweka Mungu hakumwacha Mungu. Anayemwacha ni yule anayeifanya njia kuwa mungu, na kosa hilo laweza kufanywa kwa kidonge sawasawa na kwa jani.

Sasa twafika kwenye jambo la tatu, ambalo wengi hulipita bila ya kuliona. Mtu aweza kuitupa hirizi, akabaki na jani peke yake, na bado akakosea. Atakosea kwa kudai asilolijua. Ukweli ni wajibu katika maneno ya tiba kama ulivyo wajibu katika ushahidi wa mahakama. Ibn al-Baitar wa Malaga, aliyefariki Damascus mwaka 1248, aliandika habari za dawa zipatazo 1,400, nyingi zikiwa za mimea, naye alishika kanuni ya kutegemea yale yaliyothibitika kwa kuonwa na kujaribiwa. Katika zama zetu, Tu Youyou wa China alichunguza mmea uliotajwa katika vitabu vya kale vya nchi yake, na katika miaka ya 1970 ikapatikana humo dawa ya malaria. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Dawa mseto ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2006 ina asili yake katika uvumbuzi huo. Lakini angalia mafunzo mawili yaliyomo humo. La kwanza, wazee waliouenzi mmea hawakuwa wajinga. La pili, jani likichemshwa tu halina kipimo kinachojulikana. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya mmea huo huo itumiwe kuponya malaria.

Kwa hiyo, ndugu, tumia tangawizi inayostawi Buhigwe unaposhikwa na mafua katika baridi ya asubuhi ya milimani. Kunywa mchaichai. Lamba asali kwa kikohozi, ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe, kwani yaweza kumdhuru. Mambo haya ni katika kuutunza mwili, na mwili ni amana. Lakini amana hiyo hiyo ndiyo inayoweka mpaka. Mtu mzima anayekunywa dawa chungu kwa ajili ya tumbo lake anajiamulia mwenyewe. Mama mjamzito anaamua kwa ajili ya roho mbili. Na anayemnywesha mtoto anaamua kwa ajili ya mtu asiyeweza kukataa.

Chukua mfano wa degedege. Katika sehemu nyingi za Tanzania watu wamelidhania kuwa ni kazi ya shetani, na wengine wameamini kwamba mtoto wa namna hiyo akipigwa sindano atakufa. Hivyo hufukizwa na kuogeshwa majani huku saa zikipita. Mara nyingi degedege hilo ni malaria iliyokuwa kali, nayo yaweza kumwua mtoto katika muda wa siku moja au mbili. Kipimo cha haraka cha damu hutoa jibu kwa muda wa dakika 20 hivi. Hapa swali si tena kama jani ni halali. Jani ni halali, lakini kuchelewa si halali.

Utasema: “Zahanati iko mbali, mvua imekata njia, na pengine nikifika nitaambiwa dawa zimekwisha.” Hayo ni kweli, na asiyeyajua asiwahukumu wazazi wa vijijini. Lakini jibu ni kwamba jani liandamane na safari, lisikae mahali pa safari. Na ukifika, mwambie mganga au muuguzi kila ulichomnywesha mtoto, bila ya kuficha. Naye muuguzi asimcheke mama wala kumkemea, kwani dharau ndiyo inayowafundisha watu kusema uwongo mbele ya kitanda cha mgonjwa, na uwongo huo waweza kugharimu maisha.

Wala tusidanganywe na wingi wa watu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500, na baadhi ya wagonjwa wakaacha dawa walizokuwa wakizitumia. Msururu wa magari si ushahidi, wala nia njema ya mtoaji si kipimo cha dawa.

Basi kila unaponyosha mkono kuchuma jani, jiulize maswali matatu. Moyo wangu unamtegemea nani? Ninalolisema juu ya jani hili nalijua, au nalidhani tu? Na nikikosea, ni nani atakayelipa? Atakayeyajibu kwa uaminifu hatakuwa na haja ya kuukata mbirizi uliopandwa na bibi yake uani, wala hatakuwa na haja ya kumwogopa mfumu. Mwenyezi Mungu, Mwenye kuponya, atujalie kuzitumia neema zake kwa elimu na shukrani, na atulindie watoto wetu. Amin.