Kisu Kisichomenya Chungwa

Mtu akitaka kisu kimoja tu, cha kwenda nacho porini na cha kukaa nacho kiunoni siku zote, achague kipi? Wapo watakaocheka. Watasema swali hilo aulizwe mhunzi gulioni, siyo kujazia kurasa ambazo zingekaa shairi. Nami nilidhani hivyo, mpaka siku ile ya stendi.

Kisu nilichokuwa nacho nilikinunua kwa sababu kilikuwa kizuri, basi. Kirefu, makali pande mbili, ala nyekundu mfano wa sime ya Kimasai. Nilijiambia ni cha kuwindia na mjomba. Lakini porini nilikwenda mara mbili tu mwaka mzima, na stendi nilipita kila siku.

Kijana mmoja akanichomolea simu mfukoni. Nikamdaka mkono. Kabla sijawaza lolote, mkono wangu wa pili ulikwisha ingia chini ya shati, umeshika mpini. Hakunitazama usoni, alitazama kiuno changu. Sidhani kama alifika miaka kumi na minne. Akaiachia simu, nami nikamwachia yeye. Watu wakanisifu, eti nina roho ya kiume. Nilifika nyumbani miguu ikitetemeka. Sikumkata mtu, lakini ule mkono ulitumwa na nani?

Rafiki yangu alinipoza: kisu hakina kosa bwana, hata cha jikoni kinaua. Kweli. Ila cha jikoni kilichaguliwa kwa ajili ya kitunguu. Changu nilikichagua kwa ajili ya nini?

Nikampelekea mjomba. Yeye ni mwindaji mwenye gobore na leseni yake (bila leseni ni kesi, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haina utani). Hakukisifu wala kukiponda. Akanipa chungwa.

"Hebu menya."

Ndugu msomaji, jaribu siku moja. Kisu cha makali pande mbili hakina mgongo, na kisu kisicho na mgongo hakina mahali pa kuweka kidole gumba. Nilimenya kama mtu anayechonga mwiko, maji ya chungwa yote yakaishia kwenye suruali.

"Haya, mpwa wangu. Kisu kisichomenya chungwa, mjini unamchukulia nani?"

"Si cha porini, mjomba?"

Akacheka sana. Porini, akasema, anayeangusha mnyama ni risasi. Kazi ya kisu ni kumwahi kumchinja angali hai, kisha kuchuna na kukatakata. Ukichuna unataka makali upande mmoja, yenye mviringo kidogo kuelekea mbele, urefu wa sentimita 10 hivi. Kirefu kinakusumbua mkononi, na ncha kali mno hutoboa tumbo, uchafu ukamwagikia nyama. Kumbe kisu changu hakikufaa porini wala nyumbani. Kilifaa pale stendi tu.

Hapo ndipo nilipoliona swali lenyewe. Madrasa tulifundishwa tangu wadogo: noa kisu chako vizuri, tena usikinoe mbele ya mnyama. Yaani ukali ule ni haki yake anayechinjwa, asiteseke. Kwa mnyama, huruma ni wepesi. Kwa binadamu mwenzangu ni kinyume kabisa: huruma ni kuchelewa, ni ile nafasi ya kuvuta pumzi moja kabla chuma hakijatoka. Kisu kimoja kitawatendea haki vipi wote wawili?

Nilifikiria kisu cha kukunja. Vingi huhitaji mikono miwili kufungua, na mtu mwenye mikono miwili kazini hupata muda wa kuona aibu. Lakini damu na mafuta huingia kwenye kiungo, na kisipokuwa na kifungio kinaweza kukukunjikia vidoleni mkono ukiteleza. Mjomba hataki hata kukiona.

Mwishowe mhunzi alinifulia kidogo cha springi ya gari, mgongo mpana, mpini wa mpingo. Kinashika kutu usipokipaka mafuta, lakini hata jiwe la mtoni linakinoa. Ala yake nimeiwekea kamba, naifunga mafundo mawili juu ya mpini. Porini naiacha wazi. Nikikanyaga lami nafunga. Mjomba anasema huo ni uchuro, mwanamume gani anafunga kisu chake kama mzigo? Sina jibu la kumridhisha. Najua pia iko siku, nikisikia wezi wamezidi, nitashawishika kuacha mafundo wazi, na siku hiyo hakuna mtu atakayejua ila mimi.

Kile kirefu kiko chini ya kitanda. Kukiuza nimeshindwa, maana atakayekinunua naye ana stendi yake. Wiki iliyopita mama alikiomba akatie kisamvu. Alikirudisha kabla sufuria haijachemka, akachukua chake cha zamani kilichovunjika mpini.